Risala ya Wazazi wa Kitengo cha Usonji kwa Mgeni Rasmi, Aprili 2

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Elimu wa Halmashauri yetu, Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Shule, walimu, wazazi wenzetu na wanafunzi: itifaki imezingatiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Tunakushukuru kwa kukubali kuja. Umeona spika tumezipeleka upande wa pili wa uwanja, na mshereheshaji amewaomba watu wapunge mikono badala ya kupiga makofi. Shughuli haijapooza. Kelele za ghafla huwaumiza baadhi ya watoto wetu, na hatukutaka siku yao waimalizie nyuma ya darasa wakiwa wameziba masikio.

Siku hii ya Uelewa wa Usonji Duniani ilipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2007, ikaanza kuadhimishwa 2008. Usonji (kwa Kiingereza, autism) ni hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa jinsi mtu anavyowasiliana na anavyohisi mambo yanayomzunguka. Mambo ya matofali, choo na upungufu wa walimu yamo katika nakala iliyo mezani kwako, hatutayasoma. Leo tunataka kusema juu ya dakika ya kwanza mtu anapokutana na mtoto wetu.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Kwetu mtoto hupimwa kwa salamu. Akiwahi kusema shikamoo, akapokea mkono na kutulia, wazazi wake husifiwa. Mtoto mwenye usonji anaweza kumpita mgeni mlangoni kama hakumwona, akaenda kusimama chini ya feni aitazame inavyozunguka. Au unamuuliza "Hujambo?" naye anakurudishia "Hujambo?" Hapo hukumu imeshatoka: hana adabu, mama kamdekeza, baba hamchapi. Wapo wanaosema karogwa. Hakuna aliyesubiri kujua kwamba huyohuyo anataja vituo vyote vya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo kwa mpangilio, na ukiruka kimoja anakusahihisha.

Mwaka 2017 Noah Sasson wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo Dallas, Marekani, na wenzake walichapisha utafiti unaohusu jambo hilihili. Watu wasio na usonji walionyeshwa vipande vifupi vya video za watu wakizungumza, baadhi wakiwa na usonji, bila kuambiwa nani ni nani. Katika sekunde chache tu, wenye usonji walipewa alama za chini, na watazamaji wakasita hata kuketi karibu nao au kuanzisha mazungumzo nao. Sauti peke yake ilitosha kuwaponza. Hata picha ya mnato ilitosha. Lakini wengine walipopewa maneno yaleyale yameandikwa kwenye karatasi, tofauti ile ikatoweka. Tunaomba tulirudie hili kwa ajili ya wazee wetu walioketi nyuma: maneno yao hayakuwa na kasoro yoyote. Waliangushwa na jinsi walivyoonekana na walivyosikika.

Sasson na Kerrianne Morrison wakaonyesha pia kwamba watazamaji wakiambiwa kuwa anayezungumza ana usonji, hukumu hulainika, hasa kwa wenye uelewa wa usonji. Naye Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Sisi tunashauriwa kila siku tumfundishe mtoto kutazama watu machoni. Salamu atajifunza, kwa namna yake na kwa wakati wake. Huyo anayesalimiwa je, yeye atafundishwa lini?

Ndiyo maana ombi letu kubwa ni semina ya siku moja kwa watu wote wa shule hii. Kitengo kina walimu waliosomea elimu maalumu katika Chuo cha Ualimu Patandi, nao tunawashukuru sana. Lakini mtoto hashindi kitengoni tu. Kuna foleni ya uji, kuna mstarini asubuhi, kuna mlinzi wa getini. Mama anayegawa uji akijua kwamba fulani hapendi kuguswa begani, tayari ameokoa mchana mzima.

Pili, ni uandikishaji. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto haki ya kusoma, lakini kuna mzazi kati yetu aliyerudishwa na shule moja kwa sababu mtoto hakuitikia jina lake siku ya kwanza. Tunaomba mtoto wa namna hiyo aitwe tena, mara ya pili na ya tatu, akishazoea mahali ndipo apimwe.

Kwa kusema kwamba mtu akiambiwa hukumu yake hulainika, hatuombi watoto wetu watangazwe kwenye kipaza sauti. Nani aambiwe na nani asiambiwe, aamue mzazi, na mtoto akishakua aamue mwenyewe.

Ndugu Mgeni Rasmi,
Sasa watoto watakuonyesha michoro yao. Wa kwanza hapendi kushikwa mkono, mpungie tu. Wa pili atakupa mchoro huku akitazama viatu vyako, na kila utakachomwambia atakuwa amekisikia. Wa tatu atakuuliza gari lako lilitengenezwa mwaka gani. Tafadhali mjibu, maana usipomjibu atauliza mpaka unapoondoka.

Tunaomba kuwasilisha.