Si kila kilio ni njaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wa barua. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, ingawa kwa miezi mitano sasa nasoma gazeti kwa mkono mmoja, na mara nyingi ni la juzi. Ndiyo maana nimechelewa kujibu makala iliyotoka wiki mbili zilizopita kwenye ukurasa wa familia, ile iliyoorodhesha dalili za kumtambua mama ambaye maziwa yake hayatoshi. Dalili ya kwanza: mtoto analia sana, hasa jioni. Ya pili: matiti yamekuwa laini. Ya tatu: mtoto anataka kunyonya kila mara.

Nilicheka, halafu nikakasirika, halafu nikaenda kulitafuta daftari langu.

Ni daftari la shule, la mistari, na kalamu nimeifunga kwa uzi, maana ukiangusha kalamu usiku huku mtoto yuko kwenye titi, hiyo huipati mpaka kuche. Muuguzi ndiye aliyeniambia niandike: ananyonya saa ngapi, titi gani, amelowesha nepi ngapi. Alisema wiki ya kwanza tu. Mimi nikaendelea mpaka mwezi wa tatu, kwa sababu usingizi ukikatwakatwa hukumbuki hata titi lililonyonywa dakika ishirini zilizopita. "Saa 8:10 usiku, kushoto. Saa 9:35, kulia. Saa 10 kasoro, kulia tena, kacheua kwenye shuka." Kwa lugha yetu kulia ni upande na kulia ni kilio, na kuna kurasa ambazo mpaka leo sijui nilimaanisha kipi.

Huyu ni mwanangu wa kwanza. Alizaliwa na kilo 3.2, na siku ya nne mzani ukasema 2.98. Nilitaka kulia palepale. Muuguzi akanieleza kwamba karibu watoto wote hupungua siku za mwanzo, kwamba mpaka asilimia 7 hivi hakuna wa kushtuka ila ikikaribia 10 hapo ndipo wanapomwangalia kwa karibu, na kwamba wengi huwa wamerudia uzito wa kuzaliwa ifikapo wiki ya pili. Siku ya 14 alikuwa na kilo 3.25. Nikaondoka kliniki kifua mbele, nikidhani mtihani umekwisha.

Wiki ya tatu jioni zikaanza.

Mwandishi wenu ameandika "analia sana" kwa maneno mawili tu. Mimi nitamwongezea. Saa 11 jioni bibie anaanza kugunaguna. Saa 12 uso umekuwa mwekundu, magoti ameyakunja tumboni, ngumi amezikaza. Unampa titi, anavuta mara tatu, analiachia kama lililomchoma, analia, analitafuta tena. Unamcheulisha, unambadilisha nepi ambayo wala haijalowa, unamtembeza, unamwimbia, unanyamaza. Saa 3 usiku anakata kilio katikati, ghafla, kama redio iliyokatikiwa umeme, analala. Wewe umebaki umesimama katikati ya chumba, bado unajitikisa kulia na kushoto bila mtoto mkononi.

Na hapo ndipo linapokuja lile neno. Mama mkwe alilisema kwanza. Kisha wifi, kisha jirani aliyekuja kurudisha kitu: "Pole mama. Maziwa hayamtoshi." Huambiwi kwa ukali. Unaambiwa kwa huruma, na huruma ile ndiyo inayouma. Kuanzia siku hiyo kila akilia nilikuwa nayabonyeza matiti kama mtu anayepima tikiti, na kwa kuwa wiki ile yalikuwa yameacha kujaa kama mwanzo, nikaona ushahidi umekamilika.

Shangazi alishauri maji. Hilo nililikataa, kwa sababu muuguzi alikuwa amenionya waziwazi: kabla ya miezi 6, hata tone la maji mtoto hahitaji. Maziwa ya mama yenyewe karibu asilimia 87 ni maji, na tumbo dogo namna ile ukilijaza maji, nafasi ya maziwa inatoka wapi? Mama mkwe hakubishana nami. Alinyamaza tu kile kimya cha wakwe, ambacho ni kirefu kuliko hotuba.

Lakini wiki ya sita nilishindwa. Wifi alileta kopo la maziwa na chupa, akachemsha maji, akafuata maelekezo yote kwa uangalifu, na mtoto akanywa, akalala saa nne mfululizo. Nilimtazama akilala nikajiona mwizi aliyekuwa anamdhulumu mwanawe. Saa 9 usiku nikashtuka. Kifua kilikuwa mawe mawili, blauzi imelowa mpaka kiunoni, siwezi hata kuinua mkono. Nilienda bafuni nikakamua kwenye kikombe gizani, nikilia, na kikombe kikajaa. Fikiria, Mhariri: haya ndiyo maziwa yaliyokuwa hayatoshi.

Kesho yake saa 11 jioni, pamoja na kopo lake na chupa yake, bibie alianza kugunaguna kama kawaida.

Tulipokwenda kliniki muuguzi aliniomba daftari kabla hata ya kumpima. Akahesabu nepi kwa ncha ya kalamu: saba, saba, nane, saba. Akamweka kwenye mzani: kilo 4.1. Yaani gramu 850 ndani ya wiki nne, kama gramu 30 kwa siku, wakati alitegemea 20 mpaka 30. Akaniuliza, "Mama, mtoto mwenye njaa ananenepa kwa siri?"

Kisha akanieleza ambacho hakuna aliyewahi kunieleza, si wakati wa ujauzito, si siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Kilio cha mtoto mchanga kina msimu wake. Huanza kupanda kama wiki ya pili, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hushuka, na ifikapo mwezi wa tatu au wa nne kimepungua sana. Na kinapenda jioni. Huwapata wanaonyonya na wanaotumia chupa. Baadaye nilisoma kwamba daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha habari hii mwaka 1962 baada ya kufuatilia watoto 80. Wiki ya sita, watoto wale wazima kabisa walikuwa wanalia karibu muda wa saa tatu kwa siku. Kilichonifurahisha mimi ni namna alivyojua: akina mama wenyewe walikuwa wanaandika kila siku. Miaka yote hiyo kumbe kuna wenzangu walishika daftari kwa mkono mmoja.

Na matiti laini? Mwanzoni mwili hutengeneza kwa kubahatisha, unazidisha. Wiki chache baadaye unajifunza kipimo cha mtoto, unaacha kujaza ghala. Titi laini ni titi lililokwisha kuzoea kazi. Hata hivyo linaendelea kutengeneza huku mtoto ananyonya, na linapokaribia kuisha ndipo linapotengeneza kwa haraka zaidi. Mtoto anayetaka titi kila baada ya nusu saa jioni hakushitaki kwa mtu. Kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku na usiku wake, kwa mtoto mchanga, ni jambo la kawaida, na mara hizo hazigawanyiki sawasawa kama dozi ya vidonge.

Kwa hiyo dalili zenu tatu za juu, Mhariri, ndiyo maelezo ya mtoto mzima wa wiki sita. Zile zinazotakiwa kumtia mama wasiwasi hazikuandikwa hata moja: nepi zilizolowa kuwa chini ya sita kwa siku baada ya siku ya tano, mkojo wa rangi nzito, uzito wa kuzaliwa kutorudi mpaka wiki mbili zipite, mtoto kulegea na kusinzia hata kunyonya haamki. Hizo ndizo za kumkimbiza kliniki. Na kilio nacho kisichukuliwe kimasihara: mtoto wa chini ya miezi mitatu akiwa na joto la nyuzi 38 au zaidi, au akitapika kijani, hapo hakuna habari ya msimu wa kilio, ni hospitali saa hiyohiyo.

Sitaki nieleweke vibaya. Wapo wanawake ambao maziwa kweli hayatoshi. Kuna aliyefanyiwa upasuaji wa matiti, kuna aliyepoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, kuna mwenye matatizo ya homoni. Kwao kopo ni chakula, si dhambi, na mtu asiwatie haya. Ila mama mwenye maziwa akiambiwa kila jioni kwamba hana, atampunguzia mtoto titi amwongezee chupa, na titi lisiponyonywa linapunguza kweli. Hapo waliosema wanakuwa wamesema ukweli, baada ya kuutengeneza wenyewe.

Sasa, chini ya makala ile kulikuwa na tangazo kubwa la maziwa ya kopo, na mtoto mnono anayecheka. Sisemi kwamba vilipangwa pamoja. Nasema nilivisoma pamoja. Mwaka 1981 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha kanuni za uuzaji wa maziwa mbadala, na zinasema bidhaa hizo zisitangazwe kwa umma. Hata kwenye kopo lenyewe picha ya mtoto haitakiwi. Mhariri unazijua kanuni hizo kuliko mimi.

Lipo jambo ambalo sikumwambia hata mama mzazi. Wiki hiyohiyo ya sita, kabla ya lile kopo, kuna usiku baba yake alikuwa kazini zamu ya usiku. Bibie alikuwa amelia muda wa saa mbili na nusu. Nilimshika kwapani nimwinue begani, nikahisi vidole vyangu vinakaza kuliko inavyohitajika. Si sana. Kidogo tu, lakini nilihisi. Nikamlaza chali kitandani kwake, bila mto wala kitu kingine, nikafunga mlango, nikaenda kuketi sakafuni bafuni. Nilihesabu vigae vya ukutani. Arobaini na viwili, na kimoja kimepasuka kwenye kona. Nikavihesabu tena kutokea upande wa pili. Niliporudi alikuwa bado analia, ila mikono ilikuwa imerudi kuwa yangu.

Nilibeba aibu ya usiku ule hadi siku ya kliniki. Nilipomsimulia muuguzi sikumtazama usoni. Akasema nilifanya hasa kinachotakiwa, kwamba mtoto anayelia kwa dakika kumi mahali salama hadhuriki, bali mtoto mchanga akitikiswa kwa hasira, hata sekunde chache, damu inaweza kuvuja kwenye ubongo. Akaongeza kwamba angependa kila mzazi aambiwe hivyo kabla hajatoka wodini. Ningependa pia. Ningependa na baba aambiwe, na wifi, na yeyote atakayeachiwa mtoto saa 12 jioni.

Baba yake tangu hapo zamu ya jioni ni yake. Akitoka kazini ananawa, anavua shati, anamlaza bibie kifuani na kutembea naye kutoka mlangoni mpaka dirishani, hatua kumi na moja, huku akimsomea matokeo ya mpira. Kilio hakikuisha. Lakini mimi niliweza kuoga maji yote, mpaka miguuni. Mama mkwe naye, nilipomwonyesha kadi yenye uzito, aliiangalia kwa muda mrefu, akasema, "Kumbe hata mume wako alikuwa hivi." Hakusema zaidi. Siku hizi neno lile halitamki.

Kwenye daftari, wiki ya kumi na moja, kuna mstari mmoja tu wa jioni: "Saa 12, kimya." Chini yake nimeandika kwamba tuliogopa, tukaenda wote wawili kumtazama kama anapumua. Alikuwa macho, anashangaa mkono wake mwenyewe.

Ombi langu ni dogo. Mwandishi wa ukurasa wa familia arudie ile makala, safari hii aanze na nepi na mzani, na kilio akipe makala yake peke yake. Akitaka, daftari nitamwazima. Avumilie tu kurasa za wiki ya sita, zimeloa maziwa na mwandiko umepinda, na pale penye "kulia" asinipigie simu kuniuliza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa mtoto mmoja