Baba, pancha nimeziba mwenyewe, mto Loire ndo ulikuwa karai langu

Shikamoo baba. Natumai wote wazima hapo Muheza, mi mzima ila mapaja yananiuma ile mbaya, nashuka ngazi kinyumenyume kama bibi wa miaka 90. Zubeda msomee baba polepole na usirukeruke kama ulivofanya barua ya mwezi wa sita, sehemu ya kuruka ntakwambia mwenyewe.

Baba nlipata siku tatu za mapumziko kazini nikasema safari hii silali. Nikachukua ile baiskeli yangu ya mtumba nikatoka nayo hapa Tours, Ufaransa, mpaka mji wa Saumur, siku mbili, kilomita 80 na kitu ukihesabu na kupotea kwangu. Najua utauliza kilomita 80 ndo nini, maana wewe kabla ya kibanda chako cha baiskeli ulikuwa unapakia machungwa hapo nyumbani unayafikisha Tanga mjini na jioni unarudi. Sasa kinachonishangaza huku ni kwamba wanapanda kwa raha tu. Mzee kabisa, mvi tupu, na mkewe, kila mtu na yake, keria ina kimfuko kidogo cha nguo basi, hapeleki kitu sokoni wala hamfati mtu, anaenda kuangalia mto na vijiji halafu anarudi kwake.

Njia yenyewe wanaiita La Loire à Vélo, yaani Loire kwa baiskeli. Mto Loire ndo mrefu kuliko yote Ufaransa, kilomita 1,000 na ushee, na hiyo njia ni kama 900, inashuka na mto mpaka bahari ya Atlantiki. Usidhani yote imetengwa peke yake, kuna mahali unapita barabara za kijiji pamoja na magari, ila gari likikukuta mbele linapunguza mwendo linasubiri nyuma yako na honi halipigi, mwanzoni nlikuwa natetemeka nikadhani dereva ananitegea.

Ukitoka Tours unaanza na mto Cher, huo ni mdogo unaingia Loire mbele kidogo, unapita Savonnières halafu Villandry. Hapo Villandry mama angecheka mpaka akae chini. Kuna kasri na bustani yake maarufu, watu wanakata tiketi, na ukiingia unakuta kabichi! Kabichi, liki, maboga, biringanya, zimepandwa kwa viboksi viboksi zina mpaka wake wa majani yaliyokatwa sawasawa, ukiangalia kwa juu ni kama kanga imetandikwa, ina pindo na mji kabisa. Alonunua lile kasri mwaka 1906 ni Mhispania mmoja anaitwa Joachim Carvallo, ndo aliyeirudisha bustani ikawa hivo. Kabichi za mapambo baba. Mi nikala sambusa zangu nlizotoka nazo... natania, nlibeba mkate na mayai ya kuchemsha.

Kutoka hapo ndo unaushika Loire wenyewe, na hapo ndo patamu, maana unaendesha juu ya tuta. Tuta refu, upande mmoja mto, upande wa pili mashamba na nyumba ziko chini yako. Hayo matuta ni ya zamani sana, wamekuwa wakiyaongeza mamia ya miaka sababu mto huu ukikasirika haushikiki, na kwenye kuta za vijiji utaona wamechonga mstari na mwaka, maji yalifika hapa, 1856 ndo unauona mara nyingi. Mahali pengine mstari uko juu ya kichwa changu. Saivi mwezi wa tisa maji yamekauka, mto umebaki vijito na visiwa vya mchanga mweupe na ndege wamejipanga, unaona kabisa unaweza kuuvuka kwa miguu, na hilo ndo wanalolikataza, mchanga wa chini unahama na maji yanavuta. Hamna mamba kama wa Pangani, mchanga wenyewe ndo mamba.

Zubeda, hapa kama mama yupo karibu ruka. Mbele ya kijiji cha Bréhémont nlikuwa naangalia mashua, zile zao za mbao zenye tumbo bapa kwa ajili ya maji machache, tairi la nyuma likaingia kijiwe chenye ncha, nikayumba nikaenda chini kwenye kokoto. Goti limechubuka tu. Sasa mama aendelee kusikiliza.

Pancha baba. Nikaigeuza baiskeli kichwa chini, nikalitoa tairi kwa mishikio miwili ya vijiko, wenzangu wanapita wanauliza kama nahitaji msaada nasema hapana asante. Karai la maji sina, nikashuka na tyubu mpaka mtoni nikaizamisha nikawa naizungusha kidogo kidogo mpaka povu likatoka, tobo dogo kama la sindano. Nikakausha na mtandio, msasa, gundi, halafu nikakaa. Nakumbuka ulivokuwa unanipiga mkono nikitaka kubandika haraka, "gundi bado inalia, iache". Nikaiacha mpaka ikanyamaza. Kuna mzee mmoja akasimama akanitolea tyubu mpya kwenye begi lake, pua yake haikuingia kwenye rimu yangu, basi akakaa kwenye majani anatazama, anasema huku siku hizi wengi wanatupa wanaweka nyingine. Nlivomaliza akanijazia upepo kwa pampu yake maana yangu inavuja, akanipa na pichi mbili. Kiraka kimefika Saumur na mpaka leo hakijashuka.

Nililala karibu na Candes-Saint-Martin, mto Vienne unapoingia Loire. Kijiji kidogo, nyumba nyeupe zimepandiana mlimani. Hapo ndo alifia mtakatifu wao Martin mwaka 397, alikuwa askofu wa Tours, na habari yake ni tamu: watu wa Poitiers na watu wa Tours wakagombea maiti, usiku wale wa Poitiers wakasinzia, wa Tours wakaipitisha dirishani wakaitia mashuani wakapanda nayo mto mpaka kwao. Wanasema ilikuwa mwezi wa 11 na maua yakachanua kingo zote alikopita. Mpaka leo joto likija mwezi huo wanaliita kiangazi cha Martin. Unatembea hatua chache tu unaingia Montsoreau, mkoa mwingine tayari, na kasri ambalo zamani lilikuwa na miguu majini kabisa.

Ila kilichoniweka mimi ni yale mawe ya nyumba za huku. Ni meupe na laini, ukikwaruza kwa kucha yanaacha unga, yakanikumbusha zile nyumba za zamani za Pangani tulizokuwa tunapita tukienda kwenye pantoni. Walichonga mlima wakajengea makasri na makanisa, yale mashimo yaliyobaki hawakuyaacha, wameweka milango na madirisha wakahamia! Turquant unaona bomba la moshi limetokea katikati ya mwamba, chini kuna mtu anapika. Mengine wanaotesha uyoga, mengine ni migahawa. Nikaingia mmoja, ndani baridi kama kwenye friji, wanachoma vimkate kwenye tanuri la kuni vinavimba vikiwa vitupu ndani kama andazi, unapasua unajaza maharage meupe na siagi. Vinaitwa fouées. Nyama ni nguruwe nikawaambia nileteeni maharage tu, nikala saba.

Kurudi nikapanda treni na baiskeli yangu, siku mbili za kukanyaga zikaisha chini ya saa moja, inauma.

Sasa baba swali. Nikikanyaga kwa nguvu kwenye kilima cheni inaruka, kra kra, tambarare haina shida. Ni cheni imetanuka au frewili imeliwa meno? Aliyeniuzia aliniapia vyote vipya. Nimetuma picha tatu kwa simu ya Zubeda, ziangalie nje kwenye mwanga sio ndani ya kibanda, halafu nipigie jumapili usiku nikiwa nimetoka kazini. Na ile dawa ya presha unywe, nimeshaambiwa unaificha.