Tumbawe jeupe bado laweza kuwa hai, msilitupe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Makala yenu ya kufuga matumbawe kwenye tangi la nyumbani nimeisoma yote na mengi mmeyasema vizuri, ila kile kiboksi cha mwisho kinachosema rangi kali ni afya, kahawia ni ugonjwa na nyeupe ni kifo, kile naomba sana mkirekebishe, manake kuna watu watatupa wanyama ambao bado wako hai. Mimi nilishatupa.

Hita iling'ang'ania usiku maji yakapanda mpaka nyuzi 31, na siku chache baadae tumbawe langu la matawi likawa jeupe pee. Nikalitoa. Nakumbuka kabisa nilivyolishika nikahisi ute mkononi, linateleza, na sikujua ule ute una maana gani. Mifupa mitupu haitoi ute jamani. Lile tumbawe lilikuwa na nyama yake yote na mimi nikalitia kwenye takataka.

Iko hivi. Tumbawe ni mnyama, na nyama yake ni nyembamba karibu uone upande wa pili. Ndani ya hiyo nyama kunaishi vijimwani vidogo sana vinaitwa zuzantela, rangi yake ni kahawia ya dhahabu, vinatengeneza chakula kwa mwanga na sehemu kubwa ya hicho chakula vinampa mwenye nyumba. Joto likizidi vijimwani vinatoka, nyama inabaki haina rangi, na ule weupe unaouona ni chokaa ya ndani inaonekana kupitia nyama. Yaani limepauka, lina njaa, lakini halijafa, na linaweza kukaa hivyo wiki kadhaa likisubiri vijimwani virudi. Angalia usiku kwa tochi ndogo, kama vile vinywa na vimikono vinachomoza basi lipo hai. Lililokufa utalijua, vikombe vya chokaa vinabaki vitupu bila nyama na makali yake yanaonekana, halafu baada ya siku chache utando wa kijani au kahawia unaanza kuota juu yake, kitu ambacho kwenye nyama hai huwezi kukiona.

Kahawia nayo mmeionea. Tumbawe likigeuka kahawia mara nyingi vijimwani vimeongezeka ndani yake, labda mwanga ni mdogo au naitreti na fosfeti, yaani virutubisho vya majini, ziko juu. Halipendezi kwa macho, sawa, ila linakula na linakua. Halina haja ya dawa.

Sasa hili la rangi kali ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu ndilo linalotudanganya zaidi. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton Uingereza walieleza kwa nini matumbawe mengine yakipata shida yanawaka pinki, zambarau au kijani badala ya kuwa meupe. Vijimwani vikipungua, mwanga unaozunguka ndani ya nyama unakuwa mwingi, hasa ule wa bluu, na mnyama anajibu kwa kutengeneza protini nyingi za rangi za kujikinga, kama mtu anayejifunika jua. Na sio joto peke yake linaloleta hali hiyo, hata virutubisho vya majini vikiharibika mpangilio inatokea. Mimi nilikuwa najivunia naitreti sifuri fosfeti sifuri, matumbawe yangu yakawa na rangi laini za kupendeza nikawa napiga picha nawatumia watu, kumbe yalikuwa yanakonda. Niliporudisha lishe kidogo kidogo rangi ikakolea, na matawi yaliyokuwa yamesimama miezi yakaanza kurefuka.

Na kingine, mmeweka picha zilizopigwa chini ya taa ya bluu. Chini ya LED za bluu karibu kila kitu kinang'aa, hata mgonjwa. Msomaji awashe mwanga mweupe, aangalie saa ileile, tumbawe lilelile, apige picha moja kila wiki alinganishe na ya wiki iliyopita. Mradi wa CoralWatch wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, una kadi ya rangi yenye ngazi 6 kutoka hafifu hadi iliyokolea, watu wanaitumia kwenye miamba baharini, na kinachopimwa pale ni rangi imekolea kiasi gani, haishughuliki na uzuri. Nyumbani pia inasaidia sana.

Angalieni weupe umeanzia wapi. Ncha nyeupe kwenye matawi, au ukingo mweupe kwenye tumbawe la sahani, mara nyingi huo ni ukuaji mpya, vijimwani havijafika bado, furahini tu. Likipauka upande wa juu huku chini kwenye kivuli rangi ipo, shuku taa. Lakini weupe ukianzia kwenye shina unapanda juu na nyama inabanduka kabisa, hiyo ni dharura, saa chache tu zinaweza kulimaliza, kata kipande cha juu ambacho bado kina nyama hai ukiweke pembeni usisubiri kesho.

Kwa lililopauka tu, punguza mwanga, usiongeze, lilishe kidogo, joto likae kwenye 25 au 26, chumvi 35 kwa elfu, alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) isiyumbe. Na usimimine chupa tatu za dawa siku moja kwa sababu ya hofu, maji yanayobadilikabadilika yanaua kuliko huo weupe wenyewe.

Ninalo jingine sasa hivi, lilipauka nilipobadilisha taa nikawasha kwa nguvu zote siku ya kwanza, kosa langu. Hii ni wiki ya sita. Jana usiku vimikono vilikuwa nje, na leo pale chini kwenye kivuli nimeona kahawia hafifu inarudi, kidogo tu kama kucha. Kwa kiboksi chenu lingeshatupwa wiki ya kwanza.

Ni mimi msomaji wenu,
Mfugaji wa matumbawe