Namba 4,294,967,297 si tasa

Mhariri,

Katika ukurasa wa wanafunzi wa gazeti lako wiki iliyopita, namba 4,294,967,297 ilitolewa kuwa mfano wa namba tasa, yaani namba isiyogawanyika bila baki ila kwa moja na kwa yenyewe. Naomba nafasi ya kulisahihisha jambo hili, kwani namba hiyo imepata umaarufu kwa sababu iliyo kinyume kabisa.

Hupatikana kwa kuchukua mbili kwa kipeo cha 32, yaani mbili 32 zikizidishwa pamoja, kisha kujumlisha moja. Mfaransa Pierre de Fermat, katika karne ya 17, aliamini kwamba namba zote za mtindo huu, kipeo kikiwa 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea maradufu, yaani 3, 5, 17, 257, 65,537 na zinazofuata, ni tasa. Hizo tano ni tasa kweli. Ya sita ndiyo mliyoichapisha, na mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler alionyesha kuwa ni 641 mara 6,700,417.

Simlaumu mwandishi wenu kwa kuteleza pale alipoteleza Fermat mwenyewe. Linalonisikitisha ni kwamba watoto walipewa jambo la kuamini tu, ilhali hesabu yake wanaiweza. Jumamosi jioni nilimpa mpwa wangu chaki, akaigawanya namba hiyo kwa 641 kwenye sakafu ya baraza yetu hapa Langoni. Mara ya kwanza alipata 67,417. Alikuwa amezisahau sufuri mbili: baada ya kuandika 6 na 7 alibakiwa na 2, akishusha 6 inakuwa 26, akishusha 7 inakuwa 267, na zote mbili hazifikii 641, kwa hiyo kila mara ni lazima sufuri iandikwe. Aliporudia, akafika mwisho na kukuta 4,487, ambayo ni 641 mara saba kamili, alimwita mamake aje aone.

Msomaji atauliza 641 imetoka wapi. Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, hubakisha moja. Basi hakuna haja ya kuhangaika na 3, 7 wala 11. Namba tasa za sifa hiyo zinaanza na 193, 257, 449 na 577, ambazo zikiigawanya namba yetu huacha baki ya 109, 2, 325 na 288. Inayofuata ni 641, nayo haiachi kitu. Majaribio matano tu, kwa namba yenye tarakimu kumi!

Naomba mchapishe sahihisho katika ukurasa ule ule, na hesabu ya kugawanya iwekwe hatua kwa hatua, pamoja na zile sufuri mbili.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Langoni, Lamu.