Barua kwa mwanangu Zainabu, kabla hujawapandisha watoto kilimani

Tanga, 29 Septemba 2024

Zai mwanangu, marahaba. Meseji yako nimeisoma jana usiku na leo baada ya swala nikairudia, kwamba Jumatano unawapandisha wanafunzi wako kilimani kungali giza mkaitazame nyota yenye mkia, na darubini umeazima moja. Nimefurahi, usinielewe vibaya. Ila hiyo darubini imeninyima usingizi.

Nyota yenyewe inakaa chini kabisa mashariki, palepale jua linapochomozea. Sasa chukulia mtoto kapewa darubini haioni, anaizungusha huku na huku, wenzake kwenye foleni wanamsukuma leta na mimi nione, mara ukingo wa jua huo umetokeza na uko ndani ya lenzi. Hapo hakuna cha kumwahi. Mimi nimefanya kazi wodi ya macho miaka yote hiyo unajua, na wagonjwa wa namna hii hawaji wakilia, maana retina, ule utando wa nyuma ya jicho, haina maumivu, mtu anaungua huko ndani hasikii kitu anarudi zake nyumbani, baadaye ndo anakwambia sista nikikutazama usoni naona doa katikati, pembeni nakuona vizuri. Na dawa ya kumpa huna. 2016 jua lilipopatwa kule Rujewa unakumbuka, sina haja ya kusimulia, lakini siku ile kila mtu alijua anaenda kutazama jua. Hii watoto wanajua wanatazama nyota, ndo maana naogopa zaidi.

Kwa hiyo saa kumi na mbili kasoro robo darubini iwe kwenye begi. Sio mkononi mwako, kwenye begi, zipu imefungwa. Hata kama kuna ambaye hajaona, ataona kwa macho yake matupu au ataona siku nyingine.

Yale uliyoniandikia nimemsomea bibi yako yote. Jirani alishamtisha kwamba nyota ya mkia ni ishara ya njaa na vita, akaniuliza itaangukia wapi. Nikamwambia haianguki popote, ni barafu na vumbi, juzi tarehe 27 imepita karibu na jua kama kilomita milioni 58, huko kwenye njia ya sayari ya Zebaki, joto linaivukisha ndo mkia unatoka, na mkia siku zote unaelekea upande ulio mbali na jua, ndo maana alfajiri unaonekana umesimama. Akasema huyu Zainabu kayajulia wapi haya. Nikamwambia na walioigundua 2023 ni wale wataalamu wa nyota wa Uchina pamoja na mtambo wa kuchunguza anga wa ATLAS ulioko Afrika Kusini, hapa hapa Afrika, ndo ikaitwa Tsuchinshan-ATLAS. Jina hilo nimelitamka mara nyingi mpaka limenikaa. Ulivyotaka kusoma fizikia yalisemwa mengi humu ndani, uhasibu sijui nini, hayo yalishapita na bibi yako sasa hivi anakutaja kwa kila anayeingia.

Lakini una haraka mwanangu, tangu mdogo. Wewe mwenyewe umesema kuanzia tarehe 12 Oktoba itahamia jioni, magharibi, na siku hiyo ndo itakuwa karibu na sisi kuliko siku zote, kilomita milioni 70. Si usubiri hiyo? Jua likishazama limezama, haliwezi kukurudia kwenye lenzi, na watoto wako uwanjani kwenu hapo hakuna kilima hakuna nyoka. Najua utanijibu mwezi wa saba kuna mtaalamu alisema itavunjika kabla ya kufika kwenye jua na inaweza kuvunjika bado. Haya, nenda Jumatano, ila wazazi wao wawe wanajua na uwe na mwalimu mwenzio mmoja ambaye kazi yake ni kutazama saa tu, nyota asiitazame. Na kati ya tarehe 7 na 10 itakuwa ubavuni mwa jua kabisa, hapo asikudanganye mtu kwamba ataitafuta, darubini rudisha kwa mwenyewe.

Na sweta uvae, Iringa sio Tanga. Simu pia uwe unapiga, sio meseji tu, nyota za mbinguni unazifuatilia sisi wa hapa chini hutujui tumelalaje.

Banda la kuku limeezuliwa na upepo, fundi anataka bati mpya na mimi nasema zile za zamani bado zinafaa, ongea na kaka yako maana mimi hanisikii. Shangazi yako anaulizia hela ya sare ya harusi, kitambaa ni cha zambarau, nimemwambia utatuma mwisho wa mwezi. Ukija Desemba beba maharage ya huko, yale ya njano, ya hapa yanachelewa kuiva na gesi imepanda. Alfajiri hiyo mkishashuka wote nipigie, hata kama ni mapema, nitakuwa macho.

Mama yako