Vichimbakazi si majini, mrudishieni mtoto kitabu chake

Mhariri,

Naandika nikiwa na uchungu kwa hivyo wasomaji wanivumilie nikirefusha. Binti yangu yuko gredi ya 5 hapa Nairobi na wiki mbili zilizopita alinyang'anywa kitabu shuleni na mwalimu, ati ni kitabu cha majini. Jamani, si cha majini. Ni cha tatu katika zile hadithi za vichimbakazi, wale viumbe wadogo wenye mabawa, na viwili vya mwanzo ameshavimaliza, cha kwanza amekisoma mara tatu mpaka gundi ya mgongo ikaachia nikakibandika na selotepu.

Hicho cha tatu tulikitafuta miezi mitano. Kila Jumamosi tukienda tao lazima tupitie kwa wale wauza vitabu wa inama wanaotandaza kando ya barabara, namwacha ainame mwenyewe, anapitisha kidole kwa kila mgongo akisoma majina polepole, na siku alipokiona hata hakupiga kelele, alikikalia. Alikalia kitabu pale chini asije mtu mwingine akakichukua kabla sijamaliza kuelewana bei! Shilingi 150. Usiku huo stima zilipotea na akasoma na tochi ya simu yangu mpaka chaji ikaisha.

Kwenye ploti yetu kuna watoto wanne wanaovisoma kwa zamu, na jioni wakikaa kwa ngazi wanabishana kabisa. Wangu anasema cha pili ndicho kitamu zaidi kwa sababu marafiki wanakosana na hawapatani haraka haraka vile vitabu vingine hufanya. Kijana wa jirani, ana miaka 11, mwanzo alisema hivi ni vitabu vya wasichana, sasa ndiye wa kwanza kuuliza zamu yake ni lini, lakini yeye anaona cha pili kimevutwa sana, ni kutembea tu msituni na hakuna kinachotokea. Mimi nimevisoma pia na hapo niko upande wa kijana, kurasa nyingi za katikati zingetolewa na usingejua. Lakini angalia kitu wanafanya hawa watoto, wanapima stori, wanatoa sababu, mmoja anakimbia nyumbani kuleta kitabu aonyeshe ukurasa. Si ndiyo hiyo tunawalipia karo wafundishwe?

Sasa hofu ya mwalimu. Naielewa, sitaki kumdharau. Ni kweli wazee wa Ireland na Scotland zamani waliwaogopa hawa viumbe, waliamini wanaiba mtoto mchanga na kuacha wa kwao mahali pake, na kuna waliokuwa wanaweka mkasi wa chuma karibu na kitanda cha mtoto kuwafukuza. Lakini mtoto wa siku hizi anajua hadithi ni hadithi, pengine kutushinda sisi. Nilimsimulia binti yangu habari ya wasichana wawili wa kijiji cha Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na Frances Griffiths, ambaye alikuwa na miaka 9 tu. Mwaka wa 1917 walipiga picha na vichimbakazi vilivyochorwa kwa karatasi, vikakatwa na kusimamishwa kwa pini za kofia, na Arthur Conan Doyle, huyo huyo aliyemtunga Sherlock Holmes, akaamini na kuandika kwenye gazeti la mwezi Desemba 1920 kwamba ni kweli. Wenyewe walikuja kukiri mwaka wa 1983 wakiwa mabibi wazee. Unajua binti yangu aliniuliza nini? "Kwani huyo mzee hakuona ni karatasi?"

Halafu kwani sisi tulilelewa na stori gani? Bibi yangu mzaa mama alikuwa wa Pwani, kila tukienda likizo alikuwa anatusimulia ya Sultani Darai, ile ya paa aliyenunuliwa na maskini, paa anaongea, anaua nyoka wa vichwa saba, anamtajirisha bwana wake, kisha anaugua na bwana anamsusa mpaka anakufa. Askofu Steere, mmisionari Mwingereza, aliichapisha London mwaka wa 1870 baada ya kusimuliwa Unguja, kwa hivyo watoto wa Kiswahili wamekuwa wakimlilia paa huyo zamani sana. Mimi nililia. Bibi alikuwa anaswali swala tano na hakuna siku aliona anatupotosha, na hata hilo neno kichimbakazi liko kwenye kamusi zetu, halikuletwa na meli jana.

Nimeenda shuleni mara mbili. Mara ya kwanza niliambiwa mwalimu yuko darasani, ya pili nikaambiwa nisubiri mkutano wa wazazi, na mkutano ni baada ya kufunga shule. Ombi langu kwa mwalimu, kama anasoma gazeti hili, ni akisome hicho kitabu mwenyewe kwanza, hata jioni mbili tatu zinatosha, halafu kama bado ana neno aniite tuongee kama wazazi maana najua naye ana watoto. Ila akishamaliza akirudishe. Kimefunikwa na gazeti, jina la mtoto liko ndani kwa penseli, na ukurasa aliofikia ameukunja pembeni, bado 40 hivi amalize, tafadhali asiukunjue.

Mzazi,
Eastlands, Nairobi