Kabla hujampa Rehema dawa ya minyoo

Newala, Mtwara
6 Desemba

Mpendwa Mama Rehema,

Salaam sana shoga yangu. Sisi hatujambo, ila migongo inauma kwa kuokota korosho. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakwama pale uliposema Rehema ametoka vipele kuzunguka midomo tangu maembe yaanze, na jirani anasema ni minyoo. Subiri kwanza, nikusimulie ya Salumu.

Mwezi uliopita yeye na wenzake walijificha chini ya mikorosho ya babu yao, wakawa wanabangua korosho mbichi kwa meno. Usiku akalala vizuri, kesho yake hana kitu. Siku ya tatu kaamka midomo imevimba, kidevu kizima malengelenge. Mimi nikalaumu dagaa wa jana. Wifi akasema tetekuwanga, tukamlaza peke yake, akalia usiku kucha akiniita. Shoga, hilo bado linaniuma.

Muuguzi wa zahanati hakuuliza habari za dagaa. Aligeuza vidole vya Salumu, akaona weusi ulioganda kandokando ya kucha. "Huyu kabangua korosho lini?"

Kumbe ganda lile lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Tena kuna watoto ambao miili yao huyakataa kabisa, na upele wao huchukua siku moja hadi tatu kujitokeza, ndiyo maana tunasingizia chakula cha jana. Hauambukizi. Hata maji ya malengelenge hayamdhuru mtu. Kinachosambaza ni mafuta yaliyobaki kwenye kucha na nguo. Tulimkata kucha, tukafua shati lake, tukawa tunamwekea kitambaa cha maji baridi na kumpaka dawa aliyopewa, bila kutumbua hata lengelenge moja. Ngozi ilirudi baada ya wiki mbili. Ukiwahi kumwosha mtoto kwa sabuni palepale anapogusa, unamwepusha na mengi.

Sasa huyo Rehema wako. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, na kitu kinachofanana na hayo mafuta kimo kwenye ganda la embe na kwenye utomvu wa kikonyo. Akiling'ata na ganda lake, midomo ndiyo inayopata. Nyama yake mara nyingi haina neno. Lioshe, limenye wewe, umkatie vipande, halafu umwangalie. Ila macho yakivimba au akipumua kwa shida, usingoje kesho, mkimbize hospitali.

Mkija likizo, korosho atawabangulia bibi yao, mikono kaipaka majivu kama tulivyomkuta akifanya miaka yote. Watoto wakae mbali na moshi wa kuchomea, nao unawasha. Mabibo wale watakavyo, lakini waletee nguo kuukuu, doa lake halitoki.

Niandikie midomo ya Rehema inaendeleaje.

Wako,
Mama Salumu